Utah: jimbo lililotangaza kwamba kazi imekwisha

Aprili 2015, maofisa wa jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani, waliita waandishi wa habari wakawatajia namba mbili. Ya kwanza ilikuwa 1,932, watu waliohesabiwa mwaka 2005 kuwa hawana makazi kwa muda mrefu. Ya pili ilikuwa 178, waliobaki mwaka 2015. Upungufu wa asilimia 91 ndani ya miaka 10, katika jimbo lenye watu karibu milioni 3. Habari ikaruka. Jimbo la wahafidhina, ambako watu hawapendi serikali iwatie mkono mfukoni, limeliweza jambo lililozishinda California na New York! Wageni wakaanza kumiminika Salt Lake City kuja kujifunza.

Januari 2025 wahesabuji walipopita tena, watu wa kundi lilelile walikuwa 1,233. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa 906.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Kuna wanaosema Utah ilifanya muujiza kisha ikauacha ukafa, na kuna wanaosema haukuwapo muujiza wowote, ni takwimu zilizopikwa. Mimi nimekisoma mara nyingi na sikubaliani na upande wowote. Nyumba zilijengwa kweli, na milango yake mtu anaweza kwenda kuihesabu. Namba ndiyo iliyokuwa na walakini. Na walakini ule haukubaki kwenye karatasi, kwa sababu jimbo likiamini limemaliza kazi halioni sababu ya kujenga mlango mwingine.

Sugu maana yake nini

Tukubaliane kwanza juu ya maneno, maana ugomvi wote umejificha humo. Kwa Kiswahili tunasema asiye na makazi, asiye na makao, au mtu wa mitaani. Kusema mtu hana kwao ni jambo jingine, zito zaidi. Mlinzi anayelala kibarazani kwa tajiri wake Dar es Salaam ana kwao, Kondoa au Masasi, na siku akifa atarudishwa huko. Sheria ya Marekani haimuulizi mtu kwao ni wapi. Inamuuliza usiku wa kuamkia leo alilala wapi.

Sasa, kundi ambalo Utah ilijivunia ni sehemu ndogo tu ya wasio na makazi: wale ambao hali yao imekuwa sugu. Kwa tafsiri ya serikali ya shirikisho, huyu ni mtu mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu, yawe ya akili, ya mwili au uraibu, ambaye amekaa bila makazi mwaka mzima mfululizo au ameangukia mtaani mara 4 ndani ya miaka 3. Mama aliyetolewa kwa ajili ya kodi akalala wiki tatu ndani ya gari na wanawe hayumo humo, japo atahesabiwa kwenye jumla kuu. Kijana anayehamahama kwenye makochi ya marafiki hahesabiwi popote.

Kwa nini kulikazania kundi hili dogo? Mwaka 1998 mtafiti Dennis Culhane na mwenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za mabweni ya hifadhi ya New York na Philadelphia. Wakakuta kwamba asilimia 10 hivi ya watu wazima waliofika bila familia walitumia karibu nusu ya siku zote za kulala humo. Wengi wa waliosalia walipita tu: wiki chache, wakajipanga, wakaondoka. Hao wachache ndio pia waliokuwa wakibebwa na gari la wagonjwa usiku, wakilazwa, wakiwekwa rumande, wakitoka na kurudi. Basi kwa mtunga bajeti hesabu ilikuwa nyepesi: mtafutie nyumba mtu mmoja wa kundi hili, umeachia kitanda ambacho watu kadhaa watapokezana mwaka mzima.

Watu 17 na dola 50

Utaratibu wa zamani ulikuwa ngazi. Mtu anaanza bwenini, akiacha pombe anapandishwa nyumba ya mpito, akihudhuria vikao na kumeza dawa zake anapanda tena, na juu kabisa ndiko iliko nyumba. Akiteleza, anarudi chini. Mgonjwa wa akili anayesikia sauti hawezi kupanda ngazi ya namna hiyo, na wengi hawakupanda.

Mwaka 1992, New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing akaigeuza ngazi juu chini. Mtu apewe nyumba kwanza, kwa mkataba wa upangaji wenye jina lake, halafu wahudumu wamfuate humohumo. Kuacha pombe si sharti. Kitakachomtoa ni kilekile kinachomtoa mpangaji mwingine yeyote: kutolipa kodi, kuharibu nyumba, kupigana na majirani. Wakaita utaratibu huo Nyumba Kwanza.

Watu husahau kwamba serikali iliyoupigia debe utaratibu huu nchi nzima ilikuwa ya George W. Bush. Mtu wake, Philip Mangano, alizunguka tangu 2002 akiyahimiza majimbo na miji iandike mipango ya miaka 10 ya kumaliza ukosefu sugu wa makazi. Utah iliandika wake 2005. Aliyeubeba ni Lloyd Pendleton, mtoto wa ranchi, aliyekuwa meneja katika kampuni ya magari ya Ford na baadaye katika idara ya ustawi ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile la Wamormoni, ambalo huko Utah ndilo lenye kauli. Kanisa lilimwazima kwa serikali ya jimbo. Mwenyewe amekiri hadharani kwamba zamani akiwaona watu hawa barabarani alichofikiri ni kimoja tu: watafute kazi.

Hakuanza na maelfu. Alianza na watu 17. Kilichonifanya nimheshimu ni kwamba hakuchagua walio rahisi ili ripoti ipendeze. Aliagiza wachaguliwe walioshindikana, wale ambao kila mhudumu aliwajua kwa majina na kila polisi aliwachoka. Karibu miaka 2 baadaye, wote 17 walikuwa bado ndani ya nyumba.

Hapo ndipo majengo yalipoanza kuinuka. Sunrise Metro lilifunguliwa 2007 likiwa na nyumba 100. Grace Mary Manor likafuata 2008 na nyumba 84. Mwaka 2009 ikaja Palmer Court, nyumba 201, katika jengo lililokuwa hoteli ya Holiday Inn. Hoteli ni ununuzi wa akili: kila chumba tayari kina choo chake, bomba lake na mlango unaofungwa kwa ndani, kazi iliyobaki ni kupachika jiko dogo. Majengo hayo matatu peke yake ni milango 385. Fedha zilitoka huku na huku, kwenye unafuu wa kodi za shirikisho kwa wawekezaji, kwenye mifuko ya jimbo na kaunti, na kwa wafadhili, kanisa likiwemo.

Kodi ilipangwa hivi: asilimia 30 ya kipato cha mpangaji, au dola 50 kwa mwezi, kutegemea ipi ni kubwa. Hiyo dola 50 nimeifikiria sana. Haifidii chochote, hata balbu za korido haizilipi. Lakini inambadilisha mtu jina. Jana alikuwa mteja wa huduma, leo ni mpangaji, na mpangaji ana haki ya kumwambia mhudumu abishe hodi kwanza.

Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba ufunguo peke yake hautoshi. Si ajabu kumkuta mpangaji mpya amelala sakafuni na viatu miguuni, begi chini ya kichwa, kitanda kimetandikwa vilevile kilivyokuwa jana. Wengine hushindwa kulala kwa ukimya. Ndiyo maana gharama halisi ya jengo la aina hii haiko kwenye matofali, iko kwa mfanyakazi wa ustawi anayepita kila wiki mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Na mstari huo wa bajeti ndio wa kwanza kukatwa.

Je, utaratibu wenyewe unafanya kazi? Jaribio kubwa kuliko yote lilifanywa Kanada kati ya 2009 na 2013, miji mitano, watu karibu 2,000, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa nyumba kwanza walikaa kwenye makazi ya uhakika asilimia 73 ya muda wa utafiti. Walioachwa na huduma za kawaida, asilimia 32. Kwenye uraibu na afya ya akili, tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo. Anayetaka kukushawishi upande wowote atakutajia nusu moja ya matokeo haya na kumeza nyingine. Nyumba inatibu kukosa nyumba. Anayetarajia itibu heroini atasema imeshindwa.

Jinsi 1,932 ilivyokuwa 178

Kila Januari, katika siku kumi za mwisho za mwezi, Marekani nzima huhesabu wasio na makazi. Salt Lake City watu wa kujitolea hutoka alfajiri na mapema, baridi ikiwa chini ya sifuri, wakiwa na makoti mazito, tochi na fomu ya maswali. Wanapita chini ya madaraja, nyuma ya maduka makubwa, kandokando ya mto Jordan. Wanamwamsha mtu kwa upole wamuulize alilala wapi, kwa muda gani, ana maradhi gani. Anayegoma kuamka anaandikwa kwa kukadiria. Aliyejificha vizuri haandikwi. Mabwenini kazi ni rahisi, orodha ipo. Hii ndiyo sensa ya usiku mmoja.

Usiku mmoja si mwaka. Tuseme bweni lina watu sugu 10 usiku fulani, lakini kwa mwaka mzima wanaopita humo ni 25. Namba zote mbili ni za kweli. Sasa ukitoa ripoti ya mwaka wa kwanza kwa namba ya mwaka mzima, na ripoti ya mwaka wa kumi kwa namba ya usiku mmoja, utakuwa umepunguza tatizo kwa asilimia 60 na hakuna hata mtu mmoja aliyehama kitanda.

Mfano huo ni wangu, lakini ndicho kilichotokea Utah kwa sehemu kubwa. Namba za miaka ya mwanzo zilikuwa makadirio ya mwaka mzima, za baadaye zikawa za usiku wa sensa. Pia baadhi ya watu waliokuwa kwenye nyumba za mpito walihesabiwa mwanzoni, kisha tafsiri ikabadilika wakatolewa. Mchumi Kevin Corinth wa taasisi ya American Enterprise alilianika jambo hili mwaka 2016, akionyesha kwamba sehemu kubwa ya muujiza ilitokana na kubadilisha kipimo.

Sidhani kulikuwa na mtu aliyekaa chini akapanga kudanganya. Kubadili kipimo ilikuwa ni kufuata miongozo ya shirikisho, na kipimo kipya kilikuwa safi kuliko cha zamani. Kosa ni kuchora mstari mmoja kati ya vipimo viwili na kuupeleka mbele ya kamera. Kila aliyeupokea alikuwa na faida nayo: gavana, waandishi, watetezi wa Nyumba Kwanza waliotaka ushahidi, hata sisi wasomaji tuliotamani kusikia kwamba kitu fulani mahali fulani kimewezekana. Hakuna aliyeuliza swali la mama wa nyumbani: watu 1,754 wameondoka mtaani, haya, wako kwenye milango ipi?

Lingeulizwa, jibu lingekuwa zuri tu. Mamia ya milango, watu wagumu, wameingia na wamekaa. Hakuna haja ya kuona haya kwa matokeo hayo. Ila mamia hayatangaziki kama asilimia 91.

Mtaa wa Rio Grande

Wakati wageni wanaonyeshwa Palmer Court, kilomita chache kutoka hapo kulikuwa na mtaa ambao haukuwekwa kwenye ratiba ya ziara. Bweni kubwa la hifadhi la mjini, likiendeshwa na shirika la The Road Home, lilikuwa Rio Grande Street, lenye nafasi ya watu kama 1,100. Nje yake biashara ya dawa za kulevya ilifanyika mchana kweupe, na wauzaji wengi hawakuwa na shida ya makazi hata kidogo, walifuata soko.

Machi 2017 meya wa Kaunti ya Salt Lake, Ben McAdams, alivaa nguo chakavu akaenda kulala huko bila kujitambulisha, usiku mmoja barabarani na mwingine bwenini. Hakulitangaza mpaka miezi kadhaa baadaye. Alieleza kwamba dawa zilitumiwa wazi ndani ya jengo, na kwamba alimwona mtu akivutwa kutoka kitandani hadi kichwa kikagonga sakafu ya zege. Baada ya hapo ni vigumu kumlaumu mtu anayesema heri baridi ya nje.

Bunge la jimbo lilikuwa limeamua bweni lile lifungwe na kuwe na vituo vidogo vilivyotawanywa. Wazo zuri, mpaka uulize vitawanywe wapi. Sheria ilimpa McAdams siku chache kuchagua eneo. Meya wa mji jirani wa Draper alijitokeza akasema mji wake uko tayari. Akaitisha mkutano katika ukumbi wa shule, tarehe 29 Machi 2017. Ukumbi ulifurika, watu wakapiga kelele saa nzima na zaidi. Mwanamume asiye na makazi aliposimama kusema neno, alizomewa na watu wenye nyumba mpaka akaondoka kwenye kipaza sauti. Kabla usiku haujaisha meya alikuwa ameondoa ombi lake. Kituo kikapelekwa South Salt Lake, mji mdogo wenye kipato kidogo ambao nao haukukitaka, ila sauti yake haikufika mbali.

Agosti mwaka huohuo, spika wa bunge la jimbo Greg Hughes, gavana Gary Herbert na mameya wakaanzisha Operesheni Rio Grande. Mpango ulikuwa na sehemu tatu, usalama, tiba na ajira, kwa bajeti iliyotajwa kuwa dola milioni 67. Sehemu ya usalama ilianza siku ya kwanza, polisi wakajaa mtaani, na kukamatwa kwa watu kukahesabika kwa maelfu. Vitanda vya tiba vilikuja polepole, vikisubiri ruhusa ya Washington ya kutumia bima ya afya ya Medicaid, iliyotolewa Novemba 2017. Haki itendeke: vitanda hivyo vilikuja kweli, na kuna watu walipona.

Novemba 2019 bweni la Rio Grande likafungwa, na Januari 2020 likabomolewa. Badala yake vilikuwepo vituo vitatu vipya, safi, vyenye wahudumu wa kutosha: viwili vya vitanda 200 na kimoja cha 300. Jumla 700. Kutoka 1,100 kwenda 700, kwa matumaini kwamba nyumba zitapatikana haraka na watu watatoka haraka. Tangu hapo kila majira ya baridi mji unahangaika kutafuta ukumbi wa ziada, na siku ambapo baridi inashuka chini ya nyuzi 18 za Farenhaiti, kama 8 chini ya sifuri kwa vipimo vyetu, sheria ya jimbo inataka milango ya ziada ifunguliwe.

Kodi

Nimeliweka hili mwisho, na huenda lingefaa liwe la kwanza. Kati ya 2010 na 2020 Utah iliongezeka watu kwa asilimia 18.4, kasi kuliko jimbo lolote la Marekani. Nyumba hazikuongezeka hivyo. Bei ya kati ya nyumba ya kununua ikavuka dola 500,000, na kodi zikaifuata. Sheria ya Utah inakataza miji kuweka kikomo cha kodi, na mwenye nyumba akimpa mpangaji ilani ya deni, mpangaji ana siku 3 za kazi alipe au ahame. Akikaidi, mahakama inaweza kumtoza fidia mara tatu.

Wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo waliopelekwa Salt Lake City kupitia mpango wa wakimbizi wanayajua haya bila kusoma ripoti. Msaada wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku 90. Baada ya hapo kodi ikawa ya mtu na familia yake, kwa mshahara wa kuanzia kazi, katika mji ambao kila mkataba ukifika mwisho unarudi na namba mpya.

Jimbo halikukaa kimya. Sheria ya 2022 iliilazimisha miji yenye vituo vya treni ipange ujenzi wa nyumba nyingi kuvizunguka. Mwaka 2023 zilitengwa dola milioni 50 kuwasaidia wanunuzi wa mara ya kwanza, hadi dola 20,000 kila mmoja, mradi nyumba iwe mpya. Desemba ya mwaka huo gavana Spencer Cox akaahidi nyumba za kuanzia maisha 35,000 ifikapo 2028. Mwaka 2024 bunge likaruhusu hadi dola milioni 300 za hazina ya jimbo ziwekwe benki kwa riba ndogo, ili benki nazo ziwakopeshe wajenzi kwa unafuu.

Ni hatua za maana. Lakini angalia zinamlenga nani: mtu mwenye kazi, mwenye rekodi nzuri ya mikopo, anayekaribia kununua. Ahueni yake itawafikia wa chini kwa kuzunguka, baada ya miaka, kama itawafikia. Kwa yule wa asilimia 30 ya kipato kisichokuwepo, fungu kubwa lilikuwa dola milioni 55 za mwaka 2022, kutoka fedha za shirikisho za kipindi cha korona. Zilikuja mara moja. Ile hoteli ya 2009 ingekuwa mfano wa kurudiwa kila mwaka ikabaki picha ya kuonyesha wageni.

Na hapo ndipo ile asilimia 91 inaporudi. Mbunge aliyeambiwa 2015 kwamba wamebaki 178 atapitisha vipi fungu la kujengea 1,000 wengine mwaka 2016? Kisha watu wapya walipoanza kuonekana kwenye mahema, hitimisho lilikuwa rahisi na la makosa: tuliwapa nyumba, bado wapo, basi nyumba si dawa. Wengi wa waliokuwa kwenye mahema hawakuwahi kupewa nyumba yoyote. Waliopewa walikuwa Palmer Court, wakilipa kodi.

Mwaka 2021 jimbo liliunda ofisi yake ya huduma kwa wasio na makazi na kumweka Wayne Niederhauser, aliyekuwa rais wa seneti na mtu wa biashara ya nyumba, kuwa mratibu. Hatimaye kukawa na mtu mmoja wa kuulizwa. Lakini upepo ulikuwa umeshageuka. Tarehe 24 Julai 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kuacha kuunga mkono Nyumba Kwanza na kuhimiza watu walazimishwe tiba, na viongozi wa Utah wakaikaribisha. Septemba 2025 jimbo likatangaza eneo la karibu ekari 16, kaskazini-magharibi mwa Salt Lake City, kuwa mahali pa kujenga kituo kimoja kikubwa chenye vitanda 1,300, sehemu yake ikiwa ya watu watakaopelekwa kwa amri ya mahakama. Lengo lililotajwa ni kifunguliwe 2027. Jimbo lililovunja bweni la watu 1,100 kwa sababu lilikuwa kubwa mno likapanga kujenga lingine kubwa zaidi, mbali zaidi na mjini.

Inawezekana kikawa kizuri. Kikiwa na madaktari wa kutosha, kitakuwa bora kuliko Rio Grande, na kwa anayelala nje nyuzi 8 chini ya sifuri sitathubutu kumwambia asubiri mlango. Ila kuna jambo moja la kihesabu ambalo wabunge wangeuliza mapema safari hii. Mpangaji wa Palmer Court, anayelipa dola zake 50, usiku wa sensa ya Januari hahesabiwi, kwa sababu ana makazi. Anayelala kwenye kitanda cha hifadhi anahesabiwa. Siku vitanda vya hifadhi katika zile ekari 16 vitakapojaa vyote, wahesabuji watapita alfajiri, watachukua orodha mlangoni, na kila jina lililomo litaandikwa: hana makazi.